UZI: Mwangi yuko kwenye ramani, je, nani yuko mezani?

#1 – Mwanzisha uzi, Mwanza

Habari zenu wakuu. Naleta jambo ambalo limenikaa kooni tangu mwaka jana. Ni refu, naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kunijibu.

Mimi huongoza mchezo wa RPG wa mezani kila Jumamosi. Kwa wasioujua: watu wanne watano wanakaa pamoja, kila mmoja ana mhusika wake kwenye karatasi, msimulizi mmoja anaeleza wako wapi na kinatokea nini, dadu zinaamua nani kafaulu na nani kaumia. Sisi hukutana chumba cha nyuma cha stesheneri ya rafiki yangu, katikati ya maboksi ya karatasi.

Siku moja nilikuwa naongoza kisa nilichokinunua mtandaoni, kimeandikwa Ulaya. Ndani yake kuna bibi kizee wa porini anayeuza dawa ya kuondoa laana, na bei ya dawa ni kidole cha mtu. Kwenye kitabu ni mstari mmoja tu. Mimi nikaupamba. Nikatoa sauti ya bibi, nikakunja mgongo, nikanyoosha mkono kupokea. Wachezaji wawili wakaanza kubishana huku wanacheka, mateka yupi akatwe.

Mezani kulikuwa na kijana mwenye ualbino. Alikuwa ameshika dadu yake ya pande ishirini. Akaiweka chini taratibu, akaanza kuigeuza kwa kidole, upande mmoja baada ya mwingine, kama anatafuta namba fulani. Hakusema neno. Baada ya muda akasema anawahi daladala. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni, na yeye huondoka saa mbili usiku siku zote. Kofia yake pana ya jua aliiacha juu ya boksi.

Wa Kanda ya Ziwa hamhitaji maelezo. Kwa walio mbali: huku kwetu watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo, wakiwemo watoto, kwa sababu kuna waganga walioahidi watu utajiri. Mpaka Januari 2015 serikali ikapiga marufuku waganga wapiga ramli. Hayo yote nayajua, nimekulia hapa. Lakini kwa kuwa yalinijia ndani ya kitabu cha mchezo, yamevaa nguo za Ulaya, sikuyatambua.

Kesho yake nilimpelekea kofia, nikamwomba radhi. Akasema hana kinyongo. Ila yeye huja pale ili kwa saa chache asiwe mtu wa kuhesabiwa viungo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma jinsi michezo hii ilivyotengenezwa na nani, na nimefika mahali naona mjadala wa ujumuishi tunauanzia pabaya. Tunahesabu picha: kitabu kina weusi wangapi, wanawake wangapi. Picha si kitu kidogo. Kitabu cha wachezaji cha Dungeons & Dragons (D&D), mchezo mkubwa wa aina hii, toleo la 2014, ukifungua sehemu ya binadamu, aliyechorwa pale ni mwanamke mweusi shujaa, na nakumbuka nilivyokaa na ule ukurasa. Lakini swali kubwa zaidi ni nani aliyekuwepo wakati dunia ile inatungwa, na nani anayekuwepo inaposimuliwa.

Angalieni tulikotoka. D&D ilitoka 1974, Lake Geneva, mji mdogo wa Wisconsin, Marekani, mikononi mwa Gary Gygax na Dave Arneson. Walikuwa watu wa michezo ya vita ya mezani, na mezani mwao wengi walikuwa wanaume weupe wanaofanana. Mwaka 1978 kikatoka kitabu cha wachezaji cha AD&D, yaani D&D iliyopanuliwa, na ndani yake kuna jedwali la nguvu. Shujaa mwanamume wa binadamu anaweza kufika 18/00 (hiyo 00 husomwa mia), yaani kilele kabisa. Mwanamke wa binadamu anakomea 18/50. Mwanamke wa elfi, viumbe wa kubuni wanaofanana na binadamu, mwisho wake ni 16. Fikirieni: mchezo una mazimwi yanayoruka na watu wanaofufuka, ila mwanamke mwenye nguvu sawa na mwanamume ndiye aliyeonekana hawezekani. Ukomo huo ulikuja kuondolewa kwenye toleo la pili, 1989. Miaka kumi na moja, mkuu. Binti aliyeanza kucheza akiwa na miaka kumi aliuona ukomo huo ukifutwa akiwa mtu mzima.

Halafu kuna suala la mbari, yaani aina za viumbe wa mchezo. Orki ni waovu kwa kuzaliwa. Drow ni elfi weusi wa ngozi, na nao waovu, tofauti na ndugu zao weupe wa juu ya ardhi. Tarehe 17 Juni 2020, wiki chache baada ya polisi wa Marekani kumuua George Floyd, mtu mweusi, kampuni ya Wizards of the Coast, wachapishaji wa D&D, ilitoa tamko ikikiri kwamba baadhi ya mbari hizi zimechorwa kwa namna inayofanana kwa uchungu na jinsi watu halisi walivyodhalilishwa, na ikaahidi kubadilika. Kweli Novemba mwaka huo kikatoka kitabu kilichomruhusu mchezaji kuhamisha alama za uwezo zisifungwe na mbari yake.

Sasa njooni 2022, hapa ndipo pamenifungua macho. Julai, kampuni hiyo hiyo ikatoa Journeys Through the Radiant Citadel, visa 13 vilivyoandikwa na waandishi weusi na wa asili za Asia, Amerika ya Kusini na kwingineko, kila mmoja akichota kwao. Mwezi uliofuata, Agosti, ikatoa Spelljammer mpya, D&D ya safari za angani. Humo kuna viumbe wanaoitwa hadozee, wanaofanana na nyani. Historia waliyopewa: mchawi mmoja aliwakamata, akawanywesha dawa ikawapa akili, akakusudia kuwauza, jeshi zima, kwa mwenye dau kubwa. Na mchoro mmoja wa hadozee anacheza ala ya muziki ulifanana mno na michoro ya zamani ya Wamarekani weupe waliojipaka masizi kuwakejeli weusi. Watu walipaza sauti, na mwanzoni mwa Septemba kampuni ikaomba radhi na kuyafuta maneno yale.

Kampuni moja, miaka miwili baada ya tamko, wiki chache kati ya kitabu na kitabu. Nia ilikuwepo kwenye vitabu vyote viwili. Kwenye kimoja walikuwepo watu ambao wangeisoma hadithi ya hadozee mara moja tu wakasimama. Kwenye kingine hadithi ile ilipita mikono yote mpaka mtambo wa kuchapa. Novemba wakatangaza kwamba kuanzia hapo kila neno na kila mchoro vitapitiwa na washauri wa nje.

Ninayo zaidi, hasa kuhusu nchi moja ya kubuni inayoitwa Mwangi, lakini nimechosha vidole. Nawasilisha.

#2 – Nairobi

Mwanzisha uzi, asante. Pole kwa huyo kijana, mfikishie.

Hiyo ya Mwangi niachie mimi, kwa sababu kaka yangu anaitwa Mwangi. Ni jina la kwetu Gikuyu, tena si jina la mtu tu, lilikuwa pia jina la rika lililoshika utawala kwa zamu. Siku niliyofungua ramani ya Pathfinder, mchezo wa kampuni ya Paizo, nikakuta eneo zima la bara la kusini limeandikwa "Mwangi Expanse", nilipiga picha nikampelekea. Alicheka. Kisha nikasoma kilichokuwa ndani, kile kitabu cha zamani cha 2010: misitu, magofu, mfalme sokwe mwenye mashetani. Sikumtumia kurasa hizo.

Watu wengi wa huko wanaitwa Zenj. Wapwani mnalijua neno hilo. Waarabu waliita Zanj watu wa mwambao wetu, Zanzibar imetokana nalo, na waasi waliotikisa Basra, Iraki, kuanzia 869 hadi 883 walijulikana kwa jina hilo. Kwenye mchezo Zenj ni watu wa ndani ya bara, msituni. Mtu aliokota jina likamsikika zuri, akalipanda mahali asipolijua.

Lakini haki itendeke. Mwaka 2021 Paizo walitoa kitabu kipya cha eneo hilo hilo, kimeandikwa na waandishi wengi ambao Afrika ni asili yao, na ni kama nchi nyingine. Jina lilibaki, moyo ukabadilika. Kuna miji yenye siasa zake, mapishi, lugha, ugomvi wa majirani. Kuna chuo cha uchawi cha Magaambya, mjini Nantambu, kilichoanzishwa na mzee aitwaye Jatembe, na kuna mfululizo mzima wa visa ambao wachezaji mnaanza kama wanafunzi wake. Mnafagia, mnasaidia wakazi wa mji, mnakua mpaka mnakuwa walimu. Nimeuongoza. Hakuna aliyekuja kututembelea kutuokoa. Hilo ndilo lililonigusa kuliko michoro yote.

Na kuna kitu kinaitwa Masks of Nyarlathotep, kisa kikubwa cha Call of Cthulhu, mchezo mwingine wa mezani, wa kutisha, cha 1984. Sehemu yake iko Kenya ya 1925. Kuhani mkuu wa dhehebu la kutisha ni mwanamke Mkenya anayeitwa M'Weru. Na hiyo apostrofi. Nani kwetu anaandika Mweru hivyo? Jina ni rahisi, mtoto wa chekechea analisoma. Ile apostrofi iliwekwa ili msomaji wa Marekani ajikwae, ahisi yuko mbali. Toleo la 2018 waliandika upya mengi kwa uangalifu. Apostrofi ipo.

#3 – Dodoma

Wakuu, kwa heshima zote, mimi naona tunachukua ugomvi wa Wamarekani tunauleta sebuleni. Orki ni kiumbe wa kubuni. Sijawahi kumwona orki nikasema huyu ni mimi. Tukianza kuchunguza kila zimwi lina fanana na nani, mchezo utabaki na nini? Hadithi za bibi zetu zenyewe zina mazimwi yanayokula watu na hakuna aliyeomba radhi. Tena hao wenzetu wamebadilisha hadi neno: kitabu cha 2024 hakisemi tena mbari, kinasema spishi. Neno jipya, kiumbe yule yule.

Watu wanakuja kupumzika. Kama kijana hakupenda, angesema.

#4 – Mwanzisha uzi

Mkuu wa Dodoma, nakujibu kwa moyo mmoja kwa sababu kabla ya ile Jumamosi ningeandika kama wewe.

Kuhusu neno spishi nakubaliana nawe zaidi ya unavyodhani. Neno peke yake halimleti mtu mezani. Pathfinder walichagua "nasaba" tangu 2019 na naliona lina joto zaidi, lakini hata hilo ni neno.

Kuhusu zimwi, hapana. Zimwi la bibi halina taifa. Halina watoto wanaozaliwa waovu, halina lugha, halina kijiji ambacho shujaa anaruhusiwa kukichoma kwa sababu ya damu ya wakazi wake. Zimwi la bibi ni moja, linajulikana makosa yake, na mara nyingi linashindwa na mtoto mwenye akili. Orki wa vitabu vile ni watu kamili waliopewa hukumu kabla ya kuzaliwa. Sisi majirani wa Rwanda na Burundi tunajua nini hutokea watu wakifundishwa kwamba kabila fulani ni ovu kwa kuzaliwa.

"Angesema." Amwambie nani? Meza inacheka, msimulizi amepinda mgongo anaigiza, na yeye ni mmoja. Ili azungumze ingebidi ajieleze kwamba ni nani na anaogopa nini, mbele ya watu, wakati alikuja hapo asahau. Aliona rahisi kuondoka.

Ndiyo maana tumeanza kutumia ile kadi ya X, aliyoibuni Mmarekani John Stavropoulos. Kadi imechorwa X, iko katikati ya meza. Yeyote akiigusa, kilichokuwa kinasimuliwa kinaachwa, tunaruka mbele, hakuna anayeulizwa kwa nini. Hapo kwenye "hakuna anayeulizwa" ndipo uzito wote ulipo. Yetu tuliikata kwenye ganda la boksi la karatasi. Imeguswa mara mbili tu. Mara moja niliyeigusa ni mimi, mchezaji alipoanza kuelezea mazishi kwa undani na mimi nilikuwa nimemzika mama miezi mitatu nyuma.

#5 – Tanga

Kaka zangu, niingie. Mimi ni mwalimu, nina klabu ya mchezo huu shuleni, wanafunzi kumi na mmoja, wasichana wanne.

Tatizo langu la kwanza lilikuwa neno moja. Kitabu cha Kiingereza kinampa mchezaji kazi ya "wizard", ni msomi tu mwenye vitabu vyake. Nikatafsiri "mchawi". Jumatatu wazazi wawili walikuwa ofisini kwa mkuu wa shule. Mmoja aliniuliza kwa utulivu kabisa, "Mwalimu, umemwambia mwanangu awe mchawi?" Sikuwa na jibu, kwa sababu kwa Kiswahili ndivyo nilivyomwambia. Kwetu mchawi hajawahi kuwa msomi. Ni mtu anayeroga, na kuna bibi wengi waliouawa nchini hapa kwa sababu ya macho mekundu tu, macho ya kupikia kuni. Sasa nasema "mtaalamu", wanacheka maana wanajua waganga ndivyo wanavyojiita mtaani, lakini wazazi wametulia. Mwenzangu mmoja anatumia "mwanachuoni". Lipi ni zuri zaidi, sijui, ninachojua ni kwamba tafsiri hii nayo ni ujumuishi.

La pili ni lugha yenyewe. Mwezi mzima tulicheza Kiingereza kwa sababu karatasi ziko Kiingereza. Walikuwa wanaongea wawili, wale wale wa siku zote. Kuna binti hakuwahi kusema zaidi ya "I attack". Wiki ya tano nikasema leo ni Kiswahili mwanzo mwisho. Walifika lango la mji, mlinzi akataka rushwa. Yule binti akasogeza kiti mbele: "Shikamoo baba. Hivi baba, wewe una mtoto wa kike? Anaitwa nani? Na akifika mji wa watu usiku huu, ungependa aambiwe hela kwanza?" Mama yake anauza samaki soko la Deep Sea, nikamsikia mama yake mle ndani. Nikamwambia hahitaji hata kurusha dadu. Lango likafunguliwa. Tangu siku hiyo yeye ndiye msemaji wa kundi.

Na wavulana walitaka wasichana wote wawe waponyaji. Hilo tulilimaliza kwa kupiga kura ya vikaratasi, kila mtu anaokota kazi yake. Aliyeokota shujaa wa shoka ni mdogo kuliko wote. Mwanzisha uzi, sikumwekea ukomo wa 18/50.

#6 – Toronto

Mimi ni wa Goma, niko huku miaka tisa. Nilijiunga na meza moja ya mtandaoni, watu wema kabisa. Nikatengeneza mhusika, fundi wa saa, mtu wa mjini. Msimulizi akaniomba "nimfanyie sauti ya kwetu". Nikamwambia hii ninayoongea ndiyo sauti ya kwetu. Akasema hapana, ile nyingine. Nilijua anataka nini: ngoma, kuguna, methali kila sentensi. Nilicheza jioni mbili nikaacha. Hakunitukana. Aliniwekea kiti, kisha akataka nikikalie kwa namna anayoijua yeye.

Nilipopata nafuu ni meza ya Harlem Unbound, kitabu cha Chris Spivey cha 2017, kinachoichukua dunia ya Cthulhu na kuipeleka Harlem, mtaa wa New York, ya miaka ya 1920, wahusika wakuu wakiwa Wamarekani weusi. Lovecraft, mwandishi Mmarekani aliyezianzisha hadithi zile, aliwachukia watu weusi waziwazi, na Spivey hakumkwepa. Ubaguzi umo ndani ya mchezo, na kitabu kinamwongoza msimulizi namna ya kuushika bila kuwaumiza waliokaa mezani. Kwa hiyo mkuu wa Dodoma, mambo mazito hayajaondolewa. Yameshikwa na mtu anayejua uzito wake.

#7 – Mombasa

Nongeze dogo. Mimi natumia kiti cha magurudumu. Mwaka 2020 mbunifu Sara Thompson alitoa bure kanuni za kiti cha vita cha magurudumu kwa ajili ya D&D, na mwaka uliofuata kitabu cha Candlekeep Mysteries kikawa na kisa cha Jennifer Kretchmer ambacho jengo lake mtu wa kiti anaweza kulipita lote. Kuna waliokasirika mtandaoni, wakasema si uhalisia. Mimi nilisoma ramani ile chumba kwa chumba, nikitafuta ngazi. Sikuipata ngazi itakayonizuia. Maktaba niliyosomea mimi ilikuwa na ngazi kumi na nne mlangoni.

#8 – Dodoma

Nimesoma yote. Dada wa Tanga, hiyo ya mlinzi wa lango imenishinda. Kuhusu orki bado nina langu, lakini suala la kijana "angesema" nalifuta. Nisameheni.

Swali la kweli sasa: mimi sina dadu zile, na kuagiza nje ni ghali. Mnaanzaje? Na huyo kijana alirudi?

#9 – Mwanzisha uzi

Mkuu, hakuna cha kusamehewa.

Dadu: kata vikaratasi ishirini, andika 1 mpaka 20, tia kwenye kopo la maziwa ya unga. Kila anayejaribu jambo anaokota kimoja, anakirudisha, mnatikisa. Tulicheza hivyo miezi sita. Wenye simu watumie programu ya dadu, ila kopo lina raha yake, kila mtu ananyamaza linapotikiswa. Kanuni za msingi za D&D zinapatikana bure mtandaoni kwa Kiingereza. Chukua kurasa chache tu, mweleze mtu wako kwa Kiswahili, zingine mtajifunza njiani. Epuka kununua visa mwanzoni. Tungeni mji mnaoujua.

Kijana alirudi baada ya wiki tatu. Mwezi uliopita aliomba aongoze yeye. Dunia yake ni visiwa ndani ya ziwa, wavuvi na maboti ya abiria, na bahari ya ukungu upande mmoja. Kabla ya kuanza alituzungukia mmoja mmoja na daftari, anauliza kitu gani hatutaki kikutane nasi humo. Mmoja alisema nyoka. Mwingine alisema moto wa bweni, hakueleza, na hakuulizwa. Aliponifikia nikasema kuzama, maana ziwa hili nimelipotezea rafiki. Akaandika. Ni visiwa na maji tu, mkuu, na mpaka leo hakuna boti lililozama.

Jumamosi hii tunaanza saa tisa alasiri. Ukipita Mwanza, kiti kipo.